Siku Burhani Alipomsifu Golikipa

Wako watu wanaosubiri mwezi uandame ndipo wafunge. Burhani, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura na mkazi wa Schaerbeek, Brussels, alikuwa anasubiri jani la kwanza lianguke mbele ya mlango wa jengo lao. Likishaanguka, kesho yake asubuhi na mapema anakaa jikoni, anaisimamisha simu kando ya kikombe cha chai, anakohoa kama mtu anayekaribia kuhutubia taifa, na kuanza kurekodi. Sauti ile anaituma kwenye kundi la Wana wa Buyenzi, na kila siku anatuma nyingine, mpaka miti ya Brussels ibaki mitupu. Baada ya hapo ananyamaza hadi mwaka mwingine. Kazi yake nayo ni ya majani hayohayo: anayafagia, kule kwenye mabwawa ya Flagey.

Na ndani ya sauti hiyo hukosi kitu. Utaambiwa kwamba chini ya barabara kubwa za katikati ya Brussels umefukiwa mto mzima, na watu wanapita juu yake kwenda kununua soksi. Utaambiwa kwamba mtu aliyebuni saksafoni alizaliwa Dinant, mwezi wa Novemba. Kutoka hapo Burhani anahamia kwenye goti lake la kushoto, ambalo kwa maoni yake linaijua mvua kabla ya televisheni, na kutoka gotini anarudi Buyenzi: siku kama ya leo, mbuzi aliingia darasani akala kofia ya mwalimu. Watu walilalamika kwamba sauti zake ni ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Siku asipotuma, walipiga simu kuuliza kama anaumwa.

Lakini tusidanganyane. Wengi hawakumsikiliza mpaka mwisho. Walimsikiliza ndani ya tramu, kwa mwendo wa haraka, sikio moja kwa Burhani na jingine kwa anayetangaza vituo. Wakishapata cha kucheka, walizima.

Mtu mmoja tu alikuwa akisikiliza kila neno, tena kwa mwendo wa kawaida, mpaka alipojitoa kwenye kundi. Huyo ni Abdul-Aziz wa Evere. Yeye na Burhani walikua pamoja, mlango kwa mlango. Kisha, miaka miwili iliyopita, Burhani alifika kwenye ile siku ya mwisho wa Oktoba ambayo vijana wa mtaa wao walifungwa bao moja kwa sifuri, akasimulia kilichotokea. Golikipa alikuwa Abdul-Aziz. Mpira ulipita katikati ya miguu yake wakati ameinua mkono kumpungia msichana aliyesimama pembeni ya uwanja. Msichana huyo, Aïcha, ndiye mkewe hadi leo, kwa hiyo Burhani aliona ni hadithi ya mapenzi. Abdul-Aziz aliona amevuliwa nguo sokoni. Wakwe zake wote walikuwa kwenye kundi lile. Aliandika sentensi moja tu, "Mpira ulikuwa umetoka nje," akajitoa.

Tangu hapo walikuwa wakikutana kwenye swala ya Idi na kupeana mikono kwa adabu, bila maneno. Jambo hilo lilimuuma Burhani. Alikuwa na watu wa kuzungumza nao tele, lakini aliyemjua tangu ana meno ya utotoni alikuwa mmoja, na sasa alikuwa amemkosa kwa sababu ya mpira wa matambara. Mwaka jana siku ile ilipofika aliiruka, akasimulia habari za maboga. Mwaka huu alipoamka aliona hawezi kuiruka tena.

"Msifu," mkewe Warda alimwambia akimimina chai. "Unajua kusema ya mbuzi, utashindwa kusema ya mwenzako?"

Basi akamsifu. Alisema siku aliyofika Brussels ilikuwa majira kama haya, na alipoona miti yote inamwaga majani alidhani imeugua, akamuuliza Abdul-Aziz kama serikali imeshaambiwa. Abdul-Aziz, aliyekuwa ametangulia kufika, hakumcheka. Alimweleza kwamba mti wenyewe ndio unaoachia majani ili upite salama kwenye baridi. Kisha alivua glovu zake akampa, naye akatembea na mikono mfukoni mpaka mwezi wa Machi. "Wapendwa," Burhani alimaliza dakika ya kwanza huku sauti ikimtetemeka, "watu kama Abdul-Aziz hawapatikani tena." Baada ya hapo aliendelea na viazi, historia ya glovu na goti lake, lakini huko hakuna aliyefika. Alituma, akatia simu mfukoni, akaenda kazini.

Sasa hebu tujiulize. Kwetu mtu husifiwa lini? Ukiwa hai tunakutajia madeni, ulafi na namna ulivyochelewa kwenye harusi ya fulani. Sifa zako tunazitunza zije pamoja na sanda. Kundi zima lilijua Burhani na Abdul-Aziz hawasemezani. Asubuhi hiyo watu walimsikia Burhani akimtaja kwa wema, tena kwa sauti ya kutaka kulia, wakaelewa wote kwa pamoja. Wa kwanza akaandika, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Wa pili akaandika, "Poleni sana." Wa tatu hakusikiliza sauti kabisa, alisoma tu waliotangulia, akauliza msiba uko wapi. Mdomo hauna kizingiti, na simu ndiyo kabisa. Waliojaribu kumpigia Abdul-Aziz walikuta simu imezimwa, na hilo likathibitisha kila kitu. Kumbe alikuwa mlinzi wa usiku na mchana analala. Aïcha mwenyewe alikuwa Bujumbura kumwona mama yake.

Burhani alifungua simu wakati wa mapumziko, ameketi kando ya bwawa na mkate wake mkononi. Alikuta pole zimejaa, zote zinamtaja yeye. Akaanza kusoma kutoka chini kwenda juu. Aliposoma "tunakwenda Evere" mkate ukamwanguka, bata wakaushughulikia. Akampigia mkewe.

"Baba Amira," Warda alisema kwa kwikwi, "Abdul-Aziz ametutoka. Kila mtu anasema. Na wewe asubuhi hii, mbona ulioteshwa!"

Burhani hakujiuliza habari zimetoka wapi. Angejiuliza, angejikuta mwenyewe. Alichowaza ni kwamba amemsifu mwenzake siku ileile ya kifo chake, na mwenzake hakusikia. Alimwambia msimamizi wake Seppe kwamba ndugu yake amefariki. Seppe akamshika bega akamwambia aende. Aliacha ufagio, akaacha glovu zake juu ya toroli, akapanda basi la kwanza akilia waziwazi, na bibi mmoja wa Kibelgiji akampa karatasi ya kufutia pua bila kuuliza lolote.

Evere alikuta viatu vimejaa mbele ya mlango na harufu ya pilau kwenye ngazi. Hakumwangalia mtu. Aliingia, akaegemea ukuta wa sebule, akaufunika uso kwa mikono.

"Mbona umeniacha!" alilia. "Mbona umeondoka hatujasemezana! Mpira ulikuwa nje, Abdul-Aziz! Nakubali, ulikuwa nje!"

Kisha sauti aliyoijua tangu utoto ikasema nyuma yake, "Rudia hiyo ya mwisho."

Abdul-Aziz alikuwa ameketi katikati ya kochi na nguo zake za kulalia, amejifunga blanketi, sahani ya pilau mapajani. Macho yalikuwa mekundu kwa usingizi na hasira. Kulia kwake alikuwa Maman Émérance, jirani Mkongomani aliyeijua kila familia ya Buyenzi, bado ameshika sufuria yake. Kushoto alikuwa mzee Raoul, aliyewahi kuwa mwalimu Bujumbura, na chungu cha yale maua ambayo Wabelgiji huwapelekea wafu wao makaburini mwanzoni mwa Novemba. Hakujua ayaweke wapi, akabaki ameyakumbatia.

"Unamlilia nani, Burhani?" Abdul-Aziz aliuliza.

"Wewe."

"Na nani alikuambia nimekufa?"

"Watu wote!"

"Na watu wote waliambiwa na nani?"

Macho yote yalimgeukia Burhani. Hapo ndipo alipoanza kuelewa, na alitamani ukuta ummeze.

"Papa Burhani, tusamehe," Maman Émérance alisema. "Lakini muntu anaongea muzuri ya mwenzake namna ile, asubui, na machozi. Bon, tungewaza nini?"

"Ulingoja nife ndipo unisifu?" Abdul-Aziz aliuliza.

"Mimi nilikusifu ukiwa hai!" Burhani alifoka. "Hawa ndio waliokuua!"

Mzee Raoul alicheka kwanza, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, akashindwa. Sebule nzima ikafuata. Abdul-Aziz hakucheka. Alinyoosha mkono, akasema, "Leta simu. Mimi sijaisikia."

Waliisikiliza wote, mara hii hadi mwisho, pamoja na viazi na goti. Ilipofika kwenye glovu, Abdul-Aziz aliacha kutafuna. Sauti ilipokwisha alisema chakula kisiharibike, kila mtu ale. Kisha akaongeza kwamba kwa kuwa wamekuja kumlilia na amewafungulia mlango, kila mmoja aseme alichokuwa amepanga kusema. Walisema, mmoja baada ya mwingine, naye akawa anatikisa kichwa, mara kukubali, mara kukosoa. Maman Émérance alipomwita mpole, yeye mwenyewe alishangaa.

Burhani alikuwa wa mwisho kuondoka. Mlangoni Abdul-Aziz aliangalia mikono mitupu ya mwenzake, akaingia ndani, akarudi na glovu za sufu, nyeusi.

"Vaa. Usinipigie kelele nyingine, ati unakufa kwa baridi."

"Wewe huzihitaji?"

"Mimi ni marehemu. Waambie kule kundini kwamba niko hai, na mimi unirudishe."

Burhani alilia tena, safari hii kwa furaha, hakujali ngazi inamsikia.

Kesho yake asubuhi alikaa jikoni na chai yake, akakohoa. "Wapendwa," alianza, "siku kama ya leo, kwanza kabisa, hakuna mtu aliyekufa." Akaendelea kwa muda wake wa kawaida, akatuma, akainama kutafuta viatu. Ulipopita muda wa kutosha kuisikiliza sauti yote, kwa mwendo wa kawaida, simu ililia. Ilikuwa ni Abdul-Aziz wa Evere.

"Umesahau kuwaambia mpira ulikuwa nje."