Hisa za Baba kwenye Mazizi ya Watu

Baba yangu aligawa hisa za kampuni yake kama babu alivyogawa ng'ombe, na mimi, binti yake mhasibu, ndiye niliyetumwa kwenda kuzikusanya. Niseme mapema kwamba sina subira. Wenzangu ofisini wamenipa jina ambalo sitaliandika hapa, na wakiniona natembea haraka wananipisha. Kwa hiyo msomaji akinikuta nimefoka humu ndani, ajue nimejizuia sana.

Kampuni yenyewe ni kinu cha kukamua alizeti, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Siku baba anaiandikisha sikuwepo. Nilikuwa Chimwaga, chuoni, nafundishwa jinsi ya kuandikisha kampuni. Yeye akaenda kwa mchapaji mmoja mjini, akamtajia majina, mchapaji akachapa. Hisa mia moja. Arobaini akaandika zake. Sitini akazigawa kumikumi kwa ndugu sita, ambao hakuna hata mmoja aliyetoa senti.

Nilipoona karatasi hizo nilimuuliza alikuwa anawaza nini. Akanishangaa. Kwetu mfugaji mwenye akili haweki ng'ombe wote zizi moja. Wachache wanabaki nyumbani, wengine wanakwenda kwa shemeji, kwa rafiki, kwa dada aliyeolewa mbali. Ugonjwa ukiingia huku, kule wanapona, na majirani hawapati cha kuhesabu. Anayewekewa anakunywa maziwa, samadi ni yake, na baada ya muda anapewa ndama. Lakini ng'ombe ni wako, na kila mtu anajua ni wako. Baba aliona hisa ni mali kama mali nyingine, akaziweka kwa watu. Kila mwaka baada ya msimu aliwazungukia wanahisa wake sita, dumu moja la mafuta kwa kila mmoja, akiketi na kuuliza habari. Mafuta hayo aliyaita maziwa.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mashine ilipokufa. Fundi wa kwanza alisema ni mota, wa pili akasema ni kila kitu. Msimu mzima wakulima walipita mlangoni kwetu na magunia yao wakaenda kukamua kwingine. Baba akawa anaamka asubuhi, anaoga, anavaa, anakwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine isiyonguruma, hadi jioni. Alikonda. Mimi nilimhurumia, na kwa kuwa sijui kuhurumia kimyakimya, nilikuwa namgombeza ale.

Ndipo akapatikana mwekezaji. Mzungu mrefu, mpole, mwenye biashara ya mafuta huko kwao, na alitaka hisa sitini. Baba alifurahi mno. Sitini ndizo zilizokuwa kwa watu! Atawaita ng'ombe wake nyumbani, atawauza, arobaini za zizini zinabaki, na fedha inanunua mashine mpya kabla ya mavuno. Hesabu ilimnyookea hadi akaanza kupiga mluzi.

Mzungu aliuliza hawa watu sita ni akina nani. Nikamweleza kwamba wanamtunzia baba hisa. Akauliza wanazitunza vipi. Nikamgeukia baba na kumtafsiria swali.

"Mwambie vizuri tu," baba akasema.

Kabla uhamisho wa hisa haujasajiliwa, kodi inalipwa kwanza, na hiyo ndiyo iliyotupeleka ofisi ya mapato. Tulipokelewa na ofisa mmoja wa kike, mdogo kwangu kwa umri. Alimwamkia baba shikamoo, akamvutia kiti, kisha akamharibia siku. Kwa kumbukumbu za kampuni, alisema, hisa sitini si za mzee, ni za ndugu zake. Mzee hawezi kuuza kisicho chake. Wakimrudishia kwanza, huo ni uhamisho mmoja wenye mambo yake ya kodi. Akimuuzia mzungu, huo ni wa pili. Kama anataka uhamisho mmoja tu, basi kila ndugu amuuzie mzungu mwenyewe, alipe kodi ya faida aliyoipata, alipe na ushuru wa stempu. Na fedha, kisheria, ni ya ndugu.

Baba alieleza kuhusu kuweka. Alieleza vizuri sana, kuanzia kwa babu yake. Ofisa alimsikiliza hadi mwisho, akasema hata kwao wanaweka ng'ombe kwa watu, na kwamba akiwa mtoto wa mfugaji amemwelewa kabisa, ila akiwa ofisa hajamwelewa hata kidogo. Kama kungekuwa na maandishi ya wakati ule kwamba wanamshikia tu, hapo wangezungumza lugha nyingine.

"Mwanangu," baba akamwambia, "unataka mimi na dada yangu tuandikishane?"

Ofisa akauliza kila ndugu alilipa shilingi ngapi kuzipata hizo hisa. Baba akasema hawakulipa kitu, wamewekewa. Ofisa akaandika sifuri, akatuonyesha: wasipokuwa na gharama ya kununulia, karibu kila watakachopokea kinahesabiwa faida. Tulipotoka nje baba alikaa kwenye ngazi akaniuliza kama nina uhakika kwamba chuo nilimaliza.

Basi nikaanza kuzunguka. Kila ndugu alihitaji namba ya mlipakodi, picha ndogo, na kusaini hati ya uhamisho. Sina malalamiko juu ya uaminifu wao. Wote walisema bila kusita kwamba fedha ni ya baba, wataipokea na kumkabidhi, mali ni yake. Aliyenichosha ni baba mdogo wa Mkonze, karani mstaafu, ambaye alivaa miwani, akasoma hati yote mbele na nyuma, kisha akadai ndama.

Nikamwambia hisa hazizai. Akaniuliza zilikuwa na thamani gani siku anawekewa. Nikamwambia. Akauliza mzungu ananunua kwa bei gani. Nikamwambia. Akavua miwani.

"Zimeongezeka hivyo bila kuzaa?"

Nilifoka. Nilimwambia hilo ongezeko ndilo linalotozwa kodi, kwamba serikali nayo imeliona, na akipewa yeye ndama na serikali nayo ndama, baba atabaki na mkia. Alicheka hadi akakohoa, akasaini, na nikiwa nimeshawasha gari akanikimbilia kuniambia kwamba hata hivyo anamsubiri ndama wake. Nilipomsimulia ofisa wa kodi kisa hiki, niliudhika kumwona anakiandika pembeni. Alisema atakitumia kufundishia walipakodi.

Walibaki watano kusaini, wakabaki wanne, hatimaye akabaki mmoja: shangazi wa Haneti.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Mumewe alishafariki, watoto wako mijini, anaishi na kuku zake na shamba la uwele. Kwake baba alisema tutakwenda wote wawili. Tulimkuta anapepeta. Baba akamwamkia shikamoo, nami nikamwamkia, akatupa viti, akatupa maji. Nikatoa karatasi zangu na kile kidau cha wino, kwa kuwa shangazi hutia dole gumba, nikamweleza yote kwa haraka maana nilikuwa na miadi mjini. Mashine imekufa. Mzungu anataka sitini, tunazo hamsini. Bila zako hakuna mzungu, na bila mzungu baba atauza kinu kwa watu wa vyuma chakavu. Unaweka dole hapa na hapa.

Shangazi hakuniangalia. Alimwangalia mdogo wake.

"Ukishazichukua hizi, utakuja kuangalia nini hapa?"

Baba akacheka kidogo, akasema atakuja tu, kwani yeye si ndugu. Shangazi akamjibu taratibu, bila ugomvi. Alisema zamani kulikuwa na ng'ombe wa baba kwenye zizi lile, na baba alikuwa haachi kuja. Wale ng'ombe walipokwisha, zilipita mvua tatu hajamwona. Kisha akawekewa hizi karatasi, na tangu hapo mdogo wake anakuja kila mwaka, anakaa, anakula, wanaongea. Yeye hajui hisa ni nini na hataki kujua. Anajua zikiwa ndani mwake, mtu anakuja.

Kisha akaendelea kupepeta.

Njiani nilisema mengi. Nilisema kuhusu mashine, kuhusu mzungu ambaye hatasubiri, kuhusu watu wanaochanganya biashara na mapenzi ya nyumbani. Nilimwambia baba amwamuru tu dada yake asaini, mali si yake. Baba alikuwa anaangalia nje. Nilipomaliza alisema neno moja, kwamba nisimguse dada yake, na nitafute njia nyingine. Nilimjibu kwamba njia nyingine hakuna. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa naogopa, kwa sababu nilijua kesho asubuhi ataoga, atavaa, na ataenda kukaa kwenye kile kiti.

Nilirudi kwa ofisa wa kodi na hati tano, kumwomba angalau aanze na hizo. Alizipanga mezani, akauliza ya sita iko wapi, nikasema haipo. Akasema labda ni heri, kwa sababu alikuwa anatafuta namna ya kuniambia jambo. Sitini ni zaidi ya nusu. Umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya nusu, sheria inaihesabu kampuni kama iliyouza mali zake zote na kuzinunua tena. Na kama kuna faida kwenye mauzo hayo, kampuni nayo inatozwa, mbali na kodi ya ndugu.

Nilimuuliza kampuni imemuuzia nani. Akasema yenyewe. Nikamuuliza fedha iko wapi. Akasema hakuna fedha, ni kuhesabiwa tu. Kifungu hicho nilikisoma Chimwaga, nikafaulu mtihani wake, nikakisahau siku ileile. Nilisimama pale nikaongea kwa sauti ambayo watu wa foleni ya nyuma waliifurahia, kwamba jengo letu halijatoka mahali pake, uzio uko palepale, ile mashine mbovu hata mwizi ameikataa, sasa huyo aliyeuza na aliyenunua ni nani. Ofisa aliniacha nimalize. Kisha akarudia, polepole, kama anavyoongea mtu na mgonjwa:

"Dada, nimesema zaidi ya nusu."

Niliangalia meza. Hati tano, kumikumi. Sijawahi kumwomba ofisa wa kodi radhi kabla ya siku ile wala baada yake.

Mzungu hakusumbua. Mwanasheria wake aliposikia habari ya kampuni kujiuzia mali zake, alishtuka kuliko mimi, na kabla jioni haijafika walikubali hamsini kwa hamsini. Ndugu watano walipokea, wakalipa kodi zao na ushuru wa stempu, wakamkabidhi baba kilichobaki. Hati ya kuthibitisha kwamba kodi imelipwa ilitoka, uhamisho ukasajiliwa. Mashine iliyonunuliwa ni ndogo kuliko aliyoitaka baba, lakini inanguruma, na yeye hakai tena chini. Anazunguka siku nzima akiwakaripia vijana wa kupakia. Baba mdogo wa Mkonze alipelekewa gunia la mashudu akaambiwa ndiye ndama. Alilipokea, akauliza ni dume au jike.

Lakini hayo yalikuwa bado wakati baba aliponiambia nimpeleke Haneti kumweleza dada yake. Nilimwambia tupige simu. Akasema simu hapana. Njia nzima alikuwa anajipanga maneno, nilimwona midomo ikicheza.

Tulifika, tukaamkia, tukakaa. Baba akakohoa, akaanza. Alieleza sheria yote. Alieleza nusu na zaidi ya nusu, alieleza kampuni inavyojiuzia mali zake, kwa makosa machache tu ambayo niliyavumilia. Alikuwa anajifaragua kidogo, kama mtu aliyetoka kusimamia kesi akashinda. Mwisho akasema kwamba kwa hiyo hisa za dada zinabaki kwa dada, maana serikali imesema zisiuzwe.

Nikafungua mdomo kusahihisha. Serikali haikusema hivyo hata kidogo.

"Serikali imesema," shangazi akarudia.

"Imesema," baba akajibu.

"Wewe umesema nini?"

Nilifunga mdomo. Baba yangu ana jibu kwa kila mtu: kwa fundi, kwa mzungu, kwa ofisa wa mapato, na hasa kwangu. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Nilitamani kumsaidia, lakini lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu wa kumwandikia.

"Mimi nimesema hata zingeisha zote, ningekuja," alisema. "Zile mvua tatu nilikosea, dada."

Shangazi aliinuka, akaingia ndani. Tulisikia anafungua na kufunga vitu. Baadaye akaniita kwa sauti ya kawaida nikashike kuku, nikamwambia nina miadi mjini saa tisa. Akasema sawa, nikishamchinja naweza kwenda, baba yangu analala hapa.