Daktari Anayesikiliza Tu

Juzi, kwenye baraza ya hospitali, bibi mmoja mtu mzima alitoka chumba cha daktari mgeni mikono mitupu, akakaa kando yangu.

"Shikamoo, Bi. Kakupa dawa gani?"

"Marahaba. Hakunipa! Nnamwambia silali tangu mwanangu aondoke. Ananambia, 'Hulali tangu mwanao aondoke.' Nnamwambia naogopa. Ananambia, 'Unaogopa.' Kisha kimya, ananitazama kwa huruma."

"Hakukushauri?"

"Hata neno. Mganga wa Bwejuu, sijafungua mdomo ashanambia nani kaniroga. Huyu kaniacha nikasema mpaka nikalia." Akashusha sauti, akautazama mlango. "Baba, siku hizi mtu anayesikiliza hivyo, anamsikilizia nani?"

Nasikia ndiyo tiba mpya: mgonjwa husema, daktari husikiliza, na dawa imo humo humo. Huenda ni kweli. Lakini sisi tunaonong'ona hata vyumbani mwetu, tutaimezaje dawa hiyo?

Bibi aliinuka, akajitanda buibui lake, akafika ngazini, akarudi.

"Hebu niulizie," alininong'oneza. "Jumatatu atakuwapo?"