Hadithi Iliyoondolewa Shindanoni

Siku yangu ya kwanza kazini Katibu wa shindano alinipa gundi na vipande vya karatasi, akaniambia kazi yangu ni kuziba majina. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Ofisi ni chumba kimoja Ngamiani, hapa Tanga, nyuma ya duka la fundi cherehani. Naandika haya kwa msichana atakayekalia kiti kile baada yangu.

Shindano ni la hadithi fupi za wanawake ambao hawajawahi kuchapishwa. Wengi huandika kwa kalamu. Hadithi nyingine zinatoka mbali, mpaka Mkwaja na Horohoro. Unaziba jina, unaipa hadithi namba, unaichapa kwenye kompyuta, ndipo inakwenda kwa majaji. Hawajui nani ni nani mpaka mchujo uishe.

Mimi mtu wa aibu. Kazi ilinifaa, maana karatasi haziniulizi kitu.

Hadithi iliyozishinda zote ilimhusu mume anayejifanya amelala kila mkewe akimwita akune nazi. Anakoroma, jicho moja wazi. Mwenyekiti wa majaji, mama asiyecheka ovyo, alifuta machozi kwa mtandio. "Huyu mwanamume namjua," alisema. "Yuko kwangu."

Tulipobandua karatasi tukaona jina la Bi Mwanaidi, wa mtaa wa pili tu. Katibu akanituma nimpelekee habari, pamoja na nakala aipitie kabla kitabu cha hadithi zilizoshinda hakijaenda kuchapwa.

Nilikuta viatu vingi mlangoni. Mumewe alikuwa amezikwa juzi, naye ameanza kukaa eda. Wifi yake akaniingiza chumbani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza kwa sauti ya chini. Akasema, "Iondoeni."

"Lakini Bi, imekuwa ya kwanza."

"Nimesikia. Nilimtania yu hai, naye akijua natania. Sasa watu wamcheke maiti?" Akavuta shuka. "Siku ile ya msiba nilimwita akune nazi. Hakuitika. Nikasema leo simwamshi, mchezo wake naujua. Nikakuna mwenyewe mpaka nikamaliza."

Nilipoinuka akanishika mkono. "Nisomee mara moja. Wasisikie."

Nikasoma karibu na sikio lake. Nilipofika kwenye jicho lililo wazi, mabega yakaanza kumtikisika. Alijaza shuka mdomoni, anacheka, machozi yanamtoka.

Nje wifi yake aliwaambia wenzake, "Mwacheni alie."

Mwenyekiti alikubali iondolewe, kwa shingo upande. Niliifuta mwenyewe kwenye kompyuta, na kitabu kimetoka bila yake. Sasa nimeacha kazi, nakwenda kidato cha tano. Wewe utakayenifuata, ukipeleka habari nyumbani kwa mtu, usiwe na haraka ya kuondoka.

Kwetu mama akimwita baba, baba akakaa kimya kitandani, mimi ndiye ninayekwenda kumgusa bega.