Mapanga ya Fundi Ntiamoa

Kibanda changu cha kuchomelea vyuma, hapo Magazini, mtaa wa mafundi wa Kumasi, kilipakana na cha Ntiamoa kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe.

Ntiamoa alihangaika miaka mitatu na mashine moja tu: ya kuvunjia kokwa za michikichi, ili wanawake wanaokamua mafuta waache kuzigonga moja moja kwa jiwe. Ndani ya pipa lake yalizunguka mapanga manne, kama ya feni, yakizirusha kokwa ukutani mpaka zipasuke. Alipoipatia, wateja walitoka vijiji vya mbali. Hawakusema wanataka mashine; walisema wanataka "Ntiamoa".

Haukupita muda, jirani yetu Boadu akamtuma shemeji yake akanunue moja. Wakaifumua, wakapima kila bati. Kabla mvua hazijaanza, vibanda tisa vilikuwa vikiuza "Ntiamoa" kwa nusu ya bei.

"Umeniibia, Boadu!" Ntiamoa alimwambia mbele ya watu.

"Nimekuibia nini, kaka? Pipa umelizaa wewe? Feni umeizaa wewe? Sote hapa tumejifunza kwa kuchungulia. Hata wewe ulichungulia."

Watu wakaangua kicheko. Boadu alisema kweli, na ndiyo maana ilimuuma sana.

Ila kulikuwa na jambo lisilochungulika. Mapanga yalikatwa kwenye springi kuukuu za lori, na wenzake waliyapasha moto hadi yawe mekundu, wakayatosa majini, basi. Ntiamoa aliyatosa kwenye oili chafu, akayapasha tena polepole mpaka yageuke buluu, kisha akayafukia kwenye majivu yapoe yenyewe. Kazi hiyo aliifanyia nyumbani, nyuma ya jiko la mkewe. Siku moja tukiwa tunakula alinieleza, akanishika mkono.

"Ukitoboa, undugu wetu umekwisha."

"Na ya kwao je?"

"Yatakatika. Wacha yakatike, watarudi kwangu wenyewe."

Nikanyamaza. Kwa hiyo nami nimo.

Mwezi wa tatu, kijiji kimoja upande wa Bekwai, panga lilikatika mashine ikizunguka kwa kasi, likatoboa pipa, likampiga mkamua mafuta mmoja, Maame Dufie, usoni. Jicho likatoka, taya likavunjika. Mashine ilikuwa ya Boadu, lakini habari ilifika Kumasi hivi: Ntiamoa imempofua mtu.

Tulikwenda kumwona. Kichwa kizima kilikuwa kwenye bandeji. Ntiamoa akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ile si kazi ya mikono yangu."

"Nimeambiwa," alijibu kwa shida. "Wanasema za kwako hazikatiki. Kwa nini?"

Akamweleza: oili, buluu, majivu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Akageukia ukutani.

Tuliporudi, Ntiamoa aliwasha moto katikati ya Magazini mchana kweupe, akawaita mafundi wote, akawaonyesha hatua kwa hatua. Alipaza sauti mpaka ikamkauka.

"Siku nzima kwa panga moja?" fundi mmoja akauliza. "Mteja wangu yuko pale na gari la kukodi!"

"Jana siri, leo sadaka?" mwingine akadakia. "Huyu anataka tuharibu kazi zetu."

"Watu watakufa, jamani! Nawapa bure! Bure!"

Walitawanyika. Boadu peke yake alibaki, akauliza ni majivu ya kuni gani, akaondoka bila kumtazama.

Lakini wanawake walikuwa wameshaacha. Mashine zilitupwa nyuma ya nyumba, nzuri kwa mbovu, maana kwa nje zote zinafanana. Ntiamoa alipita vijiji saba na mashine yake, nami nikimsindikiza. Kila alipofika aliiwasha, akavua shati, akasimama mbele ya pipa likinguruma, kifua wazi.

"Njooni muone! Haikatiki!"

Akina mama walimtazama kwa mbali, wakiwavuta watoto wao nyuma. Kijiji cha saba nilimzimia mashine mimi. Nikamvalisha shati lake.

Kibanda chake sasa kinauza vipuri vya pikipiki. Ntiamoa yuko kwa dada yake, analima mihogo. Nilimtembelea mara moja. Hakuuliza habari za Magazini, nami sikumpa.