Kigezo Kisicho na Alama

Kwa miaka kumi na tisa karakana ile ya majokofu ilikuwa na mafundi wawili, mume na mke, ingawa ubao wa nje ulimtaja mmoja. Mume alijua gesi, mabomba na umeme. Mke alijua umbo. Mpe kona iliyopinda, mpe kabati lisilo na pembe mraba hata moja, atapiga magoti, atakata kigezo cha karatasi ngumu ya boksi, na friza itakayojengwa kwa kufuata boksi lile itaingia mahali pake kama mguu kwenye soksi. Futi ya kupimia haikumtoka shingoni, hata sokoni alikwenda nayo. Ndiyo maana watu wakamwita Mama Futi.

Mume akafariki. Machozi hayajakauka, ukoo ukakaa kikao juu ya karakana. Mdogo wake marehemu, yule ambaye baadaye alijichapishia kadi zilizoandikwa "Meneja" na jina likamganda, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Jamani, tusidanganyane. Shemeji yetu tunampenda, lakini kazi yake mle ndani ilikuwa kumshikia kaka tochi."

Watu wakacheka. Hata wifi yake, ambaye friza ya nyumbani kwake ilipimwa na Mama Futi mwenyewe, alifunika mdomo kwa kiganja. Funguo zikaenda kwa Meneja. Wiki ileile mafundi wa karakana wakaacha kumwita Mama Futi, wakamwita Mama Tochi, na hawakuacha mwaka wa kwanza wala wa pili.

Alikuwa mtu wa sala. Kila jioni alimsamehe Meneja kwa sauti, na kila asubuhi aliamka akamkuta hajasamehewa.

Jumatatu moja Meneja akapiga hodi.

"Shemeji, hujambo? Nyumba imependeza."

"Sijambo. Nyumba ni ileile. Karibu ukae."

Hakukaa. Alieleza amesimama kwamba gatini kumefunga boti ya matanga ya wazee wawili, mume na mke, wanaozunguka nayo dunia tangu wastaafu. Wanataka friza ya kujengewa chini ya benchi la jikoni, upande wa kushoto, kwa kuwa za dukani haziingii. Pale ukuta wa boti umepinda, tena nafasi inazidi kubana kuelekea mbele.

"Naomba unikatie kigezo," akasema, macho yakiwa darini. "Kama ulivyokuwa ukimkatia kaka."

"Mimi? Si najua kushika tochi tu?"

"Aah, shemeji! Yale yalikuwa maneno ya kikao."

"Basi nenda kawaambie mafundi wako ni nani aliyekuwa akipima mle ndani. Waambie hilo tu. Kigezo nitakukatia bure."

Meneja akacheka kwa pua. "Hayo yamepita, tusiyafufue. Unakata hukati?"

Mama Futi akaiweka sawa futi yake shingoni. "Nakata," akasema.

Mwenye boti alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, mwalimu wa hesabu zamani, na gatini wote walimwita Mwalimu. Alitoa sufuria na vikombe vyote kabatini, akamletea fundi mto wa kupigia magoti, akamwacha na kazi yake. Mama Futi alijipenyeza mle hadi kiunoni. Akakata, akajaribisha, akapunguza, akajaribisha tena. Saa tatu nzima, mpaka ukawa huwezi kupitisha hata kipande cha karatasi kati ya boksi na ukuta. Kigezo kikatoka kimenyooka upande mmoja, kimepinda upande wa pili, mwisho mmoja mpana na mwingine mwembamba.

Lakini boksi lina nyuso mbili. Ukiligeuza, umbo la kushoto linakuwa la kulia, kama glavu. Kwa hiyo siku zote, kabla hajakiondoa kigezo mahali pake, aliandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: JUU. MBELE. Siku hiyo pia aliifungua kalamu. Akaishika muda mrefu, mpaka harufu ya wino ikamjaa puani. Kisha akarudishia kifuniko, akaitia mkobani.

Alikipeleka kigezo karakana mwenyewe, akakilaza mezani kifudifudi.

"Huu ndio upande wa juu?" akauliza fundi wa kuchomelea.

"Unauliza nini wewe?" Meneja akadakia kabla Mama Futi hajafungua mdomo. "Boksi ni boksi. Fuata umbo."

Mama Futi akawaaga kwa adabu. Njiani alijiambia kwamba hajasema uongo. Moyo ukataka kumjibu, akauambia unyamaze.

Wiki hiyo alipata sababu ya kupita karakana kila siku, mara anatafuta skrubu, mara anasalimia. Jumatano aliwaona wakipanga sponji ngumu, unene wa inchi nne, kwa kufuata umbo lililogeuka. Alhamisi walipaka faiba, zile nyuzi za kioo na gundi yake, tabaka la kwanza na la pili. Ijumaa tabaka la tatu na la nne, yale ambayo yakishakauka hayatengenezeki tena ila kwa msumeno. Kila tabaka lilimshukia kifuani kama maji ya baridi mchana wa jua.

"Umeona, shemeji?" Meneja alimwita, akipiga sanduku makofi kama anayesifia ng'ombe. "Hivi ndivyo friza inavyotengenezwa."

"Nimeona. Mungu akuongoze."

Jumamosi mchana wanaume wanne walilibeba sanduku mpaka gatini, jasho linawatoka. Mlango wa boti ulilipitisha bila shida. Hilo Mama Futi alikuwa amelipima mapema, maana alitaka lifike ndani kabisa. Naye alikuwapo, amesimama kwenye ngazi na futi yake shingoni.

Wakalisukuma chini ya benchi. Mwisho mpana ukagonga pale palipobana. Wakalizungusha. Upinde ukatokeza jikoni kama tumbo la mjamzito. Wakalirudisha. Kulipindua chini juu hawakuweza, maana kifuniko chake kilijengwa juu. Meneja akaita msasa, akaita randa, akaita nyundo.

"Meneja," akasema fundi wa kuchomelea, "mbona hii ingekaa vizuri upande wa pili?"

Wote wakageuza shingo. Upande wa pili kulikuwa na choo.

Kicheko kilichopasuka mle kilitikisa vikombe. Meneja akawa anatweta. "Kigezo kibovu! Nilijua tu, unampa kazi mshika tochi, unategemea nini?"

Mama Futi akashuka ngazi polepole. "Nipe hicho kigezo kibovu," akasema. Akakipindua, akakisukuma chini ya benchi. Kikakaa. Hakikucheza hata kidogo. Kicheko kikazimika.

Mwalimu alikuwa ameliona kosa kabla ya wote. Alimgeukia Meneja. "Kwenu anayepima ni nani?"

Meneja akainama kuokota nyundo.

"Nimekuuliza."

"Ni yeye."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za kaka." Ilitoka kama jino bovu, na wanaume wanne wakaisikia.

Miaka miwili Mama Futi alikuwa akiisubiri sentensi ile. Aliinywa yote.

Lakini Mwalimu hakuwa amemaliza. "Na wewe, mama. Uliwaona wakilijenga hivi?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. "Niliwaona."

"Tangu siku gani?"

"Tangu Jumatano. Na kigezo nilikilaza hivyo kwa kusudi."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi. "Mkono kama wako sijauona. Ningependa unijengee wewe. Ila huko tuendako tutakuwa mimi, mzee wangu na maji tu. Siwezi kulala jirani na kazi ya mtu anayeweza kunyamaza siku nne." Akamnyooshea kigezo. "Niandikie upande. Nitampa fundi wa bandari ya mbele."

Mama Futi akaandika JUU, akaandika MBELE, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Hakumlaumu, wala hakumbembeleza.

Wanaume wakalipandisha sanduku tena, Meneja akiwa mbele, anarudi kinyumenyume kwenye ngazi, kamba imemkaba bega. Mama Futi akasogea ukutani kumpisha.

"Pole na kazi, shemeji," akasema. "Taratibu na hiyo kona."

Jioni alipiga magoti kusali. Alipofika penye kuomba msamaha, akaliona akilini sanduku likigonga kona ya ngazi na Meneja akitoa ulimi kama mbuzi, akacheka. Akaomba radhi, akaanza upya. Akacheka tena. Mara ya tatu aliona si vizuri kumpotezea Mungu muda. Akamwambia atarudi kesho, akainuka kwenda kupika, na siku hiyo akala sahani mbili.