Gurudumu Lililokuwa Kengele Miono

Napenda malori. Nimeiandika sentensi hiyo na kuitazama kwa muda, kwa sababu nimeikana karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Wenzangu wa chuo kikuu, tuliosoma fasihi pamoja, wakiniuliza kwa nini kila likizo nakimbilia Bagamoyo, niliwajibu kwamba nakwenda kumwona mama, au kwamba hewa ya bahari inanisaidia kuandika. Mama nilimwona, ni kweli. Lakini baada ya shikamoo na kahawa nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba, napanda kwenye kiti cha dereva cha lori la marehemu baba, nafunga mlango na kukaa. Nilishika usukani wake mpana kama ungo, nikanusa ngozi iliyochanika na dizeli ya zamani, nikajiona mtu mwenye akili timamu. Hakuna kitabu kilichowahi kunifanyia hivyo, na nimeandika viwili.

Lori lenyewe ni la Kiingereza, lina pua ndefu, na limenizidi umri, jambo ambalo siku hizi linanifariji. Baba alikuwa mfanyabiashara, kama baba yake na babu zake waliotoka Omani, na lori hilo alilibebesha mbata, chumvi na boriti. Tangu afariki hakuna aliyelibebesha kitu. Injini ni nzima, kwa sababu mama anaagiza iwashwe kila Ijumaa, kama watu wengine wanavyofukiza nyumba. Ugonjwa wake ulikuwa miguuni.

Hapa lazima nieleze desturi ya kwetu. Kila Idi, lori hupambwa. Mama alianza mara tu baada ya msiba: aliyapaka matairi mafuta ya nazi mpaka yang'ae, akisema marehemu hakupenda kitu chake kionekane kimechakaa mbele ya wageni. Baadaye wajukuu wakaongeza oili chafu kwenye ringi ili kuzuia kutu ya chumvi, na oili ikachuruzika mpaka kwenye mpira. Wageni wa Idi walisifu. Matairi yalikuwa meusi kama wanja. Hakuna aliyewaza kwamba mafuta yanaula mpira polepole, na kwamba jua la Bagamoyo linamalizia kazi. Nilipobonyeza kwa kidole gumba ubavu wa tairi la mbele, kipande kilibanduka kama ukoko wa wali.

Kaka yangu mkubwa anauza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, na hana subira na kitu kisichozaa. Alitaka ule ua ujengwe vyumba vya kupangisha. Alikwisha kuzungumza na wanunuzi wa chuma chakavu, ambao wangekuja na mitungi yao ya gesi walikate lori vipande. Alitutangazia habari hiyo kwenye sinia la biriani, mama akiwa pale pale.

"Dada yangu, lile si lori tena," alisema. "Lile ni banda la kuku lenye usukani."

"Injini yake inawaka."

"Hata jiko la mama linawaka. Limekwenda wapi?"

"Jiko langu usiliingize humo," mama akasema.

Hapo nikasikia sauti, ambayo baadaye niligundua ni yangu, ikisema kwamba lori litakwenda Lugoba, lipakie kokoto machimboni, na lirudi nazo nyumbani.

"Kwa magurudumu yake?" kaka akauliza.

"Kwa magurudumu yake."

Alicheka mpaka akaweka tonge chini. Kisha akapanga masharti na siku ya mwisho, kwa maana ni mfanyabiashara. Lori likifika uani na mzigo, yeye mwenyewe atawapigia simu wale wa chuma awaambie wasije. Lisipofika, watalifuata huko huko barabarani.

"Na matairi nani atachagua?"

"Mimi," nikasema.

"Tairi ni duara, dada, na ni jeusi. Usije ukaliandikia makala."

Kwa kweli nilianza kwa kulisomea kama la makala. Jambo nikiliogopa, hulisoma kwanza. Halafu nikamwita fundi wa magari makubwa, mwenye gereji upande wa Kerege, mtu wa sauti nene ambaye humwita kila mwanamke aliyevuka miaka arobaini mama mkwe, kwa matumaini ambayo hajawahi kuyafafanua.

Fundi alianza na gurudumu la mbele kushoto. Alitia spana, akachomeka bomba refu, akaning'inia. Nati haikusogea. Akaongeza kijana mmoja mnene. Bolti ikalia mlio ambao nilikuwa sijausikia tangu utotoni, na nikamwambia aache.

"Mama mkwe, hii imeshika kutu tu."

"Haijashika kutu. Unaikaza."

Nilipiga magoti, nikakwangua grisi kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na rangi nyeupe. Baba alizipaka nati zote za kushoto rangi nyeupe, kwa sababu kwenye malori ya namna ile upande huo hufunguliwa kinyume. Niliwahi kumshikia kopo la rangi. Fundi aligeuza spana, nati ikafunguka kwa mkono mmoja, naye akasema alikuwa ananipima tu.

Baada ya hapo alishauri tutupe magurudumu yote. Alijua lori moja jipya lililopinduka, lenye magurudumu ya kisasa yasiyotumia mpira wa ndani. "Yale yana tundu kumi, hili lina bolti kumi. Yameoana."

"Kuoana si kuhesabiana vidole," nikamwambia.

Nilichukua futi ya mama ya kushonea, nikapima kwenye lori, kisha tukaenda gereji nikapima na hayo ya kisasa. Tundu la kati lilikuwa dogo kwetu, na duara la matundu lilikuwa pana kuliko duara la bolti zetu.

"Tutachonga kwa tupa," fundi akasema.

"Tundu likiwa na umbo la yai, mzigo utabebwa na nini?"

"Mwenyezi Mungu atabeba."

"Tusimbebeshe kokoto."

Kwa hiyo tukabaki na ringi za baba, zile za zamani zenye pete ya chuma pembeni inayolishikilia tairi, na swali likawa matairi. Nilikwenda Dar, kwenye duka lenye matairi yaliyopangwa mpaka darini. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu, aliyenitazama begani kuona kama nyuma yangu kuna mwanamume. Alinionyesha kwanza tairi la saizi yetu lenye meno marefu, jipya, lililokaa ghalani kwa miaka.

"Hili halijagusa barabara, mama. Bikira."

Nililikunja ubavu kidogo, nyufa nyembamba zikafunguka kama mikunjo ya macho yangu. "Hata kitu kisichoguswa kinazeeka, mwanangu," nikamwambia. "Niletee lililotengenezwa juzijuzi."

Akajaribu tena. Akataka kuniuzia saizi kubwa zaidi ili lori linyanyuke, lionekane. Nikamwambia lori letu nyuma lina matairi pacha, na tairi likizidi unene pacha watasuguana wakibeba mzigo, watapata moto, na watapasuka wote wawili kabla ya Msata. Akaacha kunitazama begani. Mwishowe tulikubaliana matairi mapya ya saizi ile ile ya baba, yote ya aina moja: ya mbele yenye mifereji iliyonyooka, kwa sababu usukani ule unageuzwa kwa nguvu za mabega na safari yenyewe ni ya lami, ya nyuma yenye meno ya wastani. Mipira ya ndani, na mikanda inayoikinga isisuguliwe na ringi, yote mipya. Fundi alisikitika sana kukosa meno ya trekta. Alisema lori litaonekana la kike. Nikamwambia ni kweli, na lizoee.

Nilirudi Bagamoyo nikijiona mshindi, na hilo huwa ni kosa. Tuliposugua ringi, moja ilitoa kutu hadi mfereji unaokaliwa na ile pete ukawa umelika. Hiyo haitengenezwi. Pete ikiruka wakati wa kujaza upepo, inaua mtu. Nilizunguka gereji za barabarani kote mpaka Chalinze, na kila mahali walinionyesha ringi za kisasa na kunipa pole. Siku ya mwisho aliyoiweka kaka ilikuwa inakaribia. Kaka alipiga simu kuuliza hali ya mgonjwa.

Nilikuwa nimekaa barazani nimekata tamaa, mama akichambua mchele, ndipo aliposema bila kuinua macho, "Si uchukue spea ya baba yako?"

"Spea ipi, mama?"

"Iko Miono inaita watoto."

Nyumbani kwao mama ni Miono. Zamani, shule ya pale ilipokosa kengele, baba alikuwa amekwenda kuwasalimu wakwe zake, naye akawaachia ringi yake ya akiba waitundike mtini. Mimi nililifahamu hilo gurudumu maisha yangu yote. Nililisikia kila nilipolala kwa bibi, na haikunipitia akilini kwamba ni gurudumu.

Tulikwenda na fundi, tukiwa tumepakia ile ringi mbovu kwenye pikapu. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye mtandio wa kijani, alitusikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mmetoka Bagamoyo kuja kutunyang'anya kengele."

"Kubadilishana, mwalimu. Kwanza naomba kuikagua."

"Unaikagua kengele?"

"Naomba na chaki."

Chaki shuleni haikosekani. Ringi iliteremshwa. Walikuwa wameipiga miaka yote pale katikati kwenye bamba nene, na mfereji wa pembeni ulikuwa mzima, kwa kuwa Miono chumvi ya bahari haifiki. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaacha yanywee, nikafuta, nikaipaka chaki yote mpaka ikawa nyeupe kama ukuta wa msikiti. Kama kungekuwa na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yangetoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Tulingoja. Darasa zima lilikuwa dirishani. Nilikagua kila bolti inapopita, kila pembe. Chaki ilibaki nyeupe.

Mwalimu mkuu alikuwa na ukaguzi wake pia. Aliagiza ringi yetu mbovu itundikwe, akachukua nondo, akaigonga. Ilitoa sauti nzito kuliko ile ya kwanza, ikakaa hewani. Aliinamisha kichwa.

"Hii itasikika hadi mashambani," akasema. "Chukueni yenu. Ile ilikuwa inalia kama sufuria."

Magurudumu tuliyajaza upepo uani, kila moja likiwa limefungwa mnyororo, pete ikielekea ukutani, na sisi tukiwa mbali. Ringi ya Miono niliifunga nyuma kushoto, upande wa nje, ili niione kwenye kioo changu.

Siku ya safari tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Fundi ndiye aliyekuwa na leseni. Mama alitoka akiwa na chetezo mkono mmoja na chupa ya mafuta ya nazi mkono wa pili. Chetezo nilikiruhusu, akafukiza kila gurudumu ubani. Chupa niliichukua nikaificha jikoni. Kisha akapanda, akakaa katikati yetu na buibui lake, akasema kama litakatwa anataka kuwa ndani.

Machimboni Lugoba wapakiaji walisimama wakatutazama. "Bibi, hili mmelitoa makumbusho?" mmoja akauliza.

"Makumbusho watu hulipa ili watazame," mama akamjibu. "Wewe unatazama bure. Pakia."

Walipakia. Springi zikashuka, na mimi nikashuka na kuingiza kiganja katikati ya matairi pacha. Kilipita. Wale ndugu hawakugusana. Pale Msata nikashuka tena nikayapapasa matairi yote. Yalikuwa vuguvugu, kama chapati zilizokaa kwenye hotipoti. Kiwangwa wauza mananasi walisimama barabarani wakapunga mikono. Fundi akaanza kuimba. Mama akamwambia aangalie barabara, kisha naye akaimba. Mimi nilitazama kioo changu tu, nikiona kengele ya Miono ikizunguka kimya, imebeba sehemu yake ya mawe, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo, kisha nikasingizia vumbi.

Tuliingia uani kabla ya alasiri. Mama alipiga picha lori lenye mzigo, kidole chake kikiwa kimeziba nusu, akaituma. Simu yangu ikaita nikiwa bado sijanawa mikono.

Kaka alianza na salamu. Akaniuliza hali, akauliza hali ya mama, akaniuliza kama mvua imenyesha. Nilimjibu kila moja kwa ukamilifu, kama tulivyolelewa.

"Tairi ngapi zimepasuka?" hatimaye akauliza.

"Hakuna."

"Hata pancha?"

"Hata pancha."

Nikasikia anavuta pumzi. "Basi wale wa chuma nimeshawapigia. Nimewaambia wasije, si leo wala kesho." Akageukia biashara. "Sasa, kuna mteja wangu Kerege anataka kokoto, na gari langu liko gereji. Lori la baba lina nafasi Jumamosi?"

Miaka yote hiyo alikuwa akiliita banda, au chuma, au lile dude. Nilimgeukia mama kumwuliza kwa macho, naye, akiwa anafuta vumbi kwenye pua ya lori kwa upindo wa kanga, akatikisa kichwa kukubali.

"Litakuja," nikamwambia. "Ila nati za kushoto asiziguse mtu wako yeyote mpaka nifike."