Waliokufa Wote Nyuma

Mpaka leo nikipita karibu na lile duka la fotokopi hapa Garsen, damu inanichemka.

Nimefundisha darasa la sita miaka mingi, na sijapata mtoto mgumu wa kusoma kama msichana mmoja niliye naye. Si kwamba ni mjinga, akili anayo, tena kali. Baba yake ni mfugaji, yeye anakaa mjini kwa shangazi yake. Kitabu chochote ukimpa, kesho anakirudisha hajakifungua. Anachosoma ni katuni za gazeti tu. Hizo anazikata kwa wembe na kuzihifadhi ndani ya daftari.

Mwalimu mwenzangu wa meza moja akasema nimnyang'anye. "Katuni ni katuni, kitabu ni kitabu. Havijawahi kukutana."

Havijawahi kukutana! Nilikasirika hata chai ikanishinda. Mimi nimekulia kijijini Kulesa, na gazeti kwetu lilifika likiwa limefungia sukari. Unaikung'uta karatasi, unakuta katuni: mtu ananing'inia tawini, chini yake mamba. Hadithi imekatika hapo, na kipande kinachofuata hukipati ng'o. Basi nikawa najichagulia mwenyewe, leo aruke, kesho arushiwe kamba. Miaka baadaye, chuoni, nikaokota kitabu cha watoto kinachokwambia ukitaka kuvuka nenda ukurasa huu, ukitaka kurudi nenda ule. Nikacheka peke yangu. Si ndiyo ile karatasi yangu ya sukari? Kama wachoraji na waandishi hao waliigana, sijui. Ila wote wanakukatia hadithi mahali pabaya makusudi, na mimi siwezi kuambiwa hawana udugu.

Kwa hivyo nikaamua kumchorea kitabu changu mwenyewe. Likizo nzima nimeinama. Katuni, lakini ya kuchagua njia: msichana na ndama wake, mto Tana umefurika, afanyeje? Kurasa thelathini na mbili. Njia za kupona nilizificha nyuma kabisa ili azitafute. Shule zilipofunguliwa nikampelekea mtu wa fotokopi akitoboe pembeni na kukitia waya. Msichana alikuwa akiniuliza kila siku, "Mwalimu, kitabu changu?" Nilipokichukua sikukifungua hata, nikampa mkononi.

Kesho yake akaja na kitabu, macho mekundu.

"Mwalimu, nimechagua vizuri mara tatu. Mara tatu nimekufa."

Nikakifungua. Namba zangu za kurasa zilikuwa zimefutwa kwa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa, na juu yake zimeandikwa nyingine, kwa wino mzito, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nilifika dukani natweta. Yule bwana akanipokea kwa furaha. "Mwalimu, kurasa zako zilichanganyika vibaya! Ukurasa wa tisa msichana ameliwa na mamba, wa kumi anakunywa chai! Nikasema masikini, mwalimu amechoka. Nimekupangia upya. Waliokufa wote nimewaweka nyuma."

Nyuma! Huko huko nilikoficha kupona, na maagizo yangu ya nenda ukurasa fulani hakuyagusa. Nilitaka kupiga kelele, lakini mtu ameacha wateja wake akahangaika kwa ajili yangu, utamwambia nini? Nikasema ahsante. Nilijichukia njia nzima.

Nikaufungua ule waya, nikapanga kurasa moja moja, nikafuta namba zake na kurudisha zangu. Siku ya pili nikamwita msichana. Nikamweleza kosa lilivyotokea, nikamwonyesha ukurasa ambapo yeye na ndama wanafika ng'ambo, wote wazima. Aliutazama ule mchoro kwa adabu. Kisha akakifunga kitabu na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Afadhali gazeti, mwalimu," akasema. "Kule hadithi inakatika tu. Mtu hafi."